Kijana Ambaye Hatukumwita Mbele



Tafakari ya juma hili inaanzia mlangoni pa sakristia, na inaanza na kosa letu wenyewe. Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, tulikuwa bado tunavua mavazi ya ibada pale mama mmoja mjane wa hapa Mjimwema alipobisha hodi. Tulisalimiana, tukamwuliza habari za nyumbani, naye akatuambia kwa furaha kwamba kijana wake amehitimu. Tukamwuliza amehitimu shule gani. Akajibu kwamba amemaliza miaka miwili ya uashi na cheti chake amekwisha kukipata. Tukasema, "Hongera sana, Mama," kisha tukageukia kitabu cha nia za Misa kilichokuwa mezani. Mama yule hakuondoka. Alisubiri kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Baba Paroko, wale wengine mliwaita mbele."

Alisema kweli. Majuma machache kabla ya hapo tuliwaita mbele ya altare vijana waliochaguliwa kwenda kidato cha tano na vyuo vikuu. Tulisoma majina yao mmoja mmoja, tukawabariki, na kanisa zima likajaa makofi na vigelegele. Tumefanya hivyo kila mwaka tangu tulipofika katika parokia hii. Na kila mwaka wapo vijana wetu wanaomaliza useremala, uashi, ushonaji, umeme wa majumbani au ufundi wa magari. Hao huketi katika mabenchi ya nyuma, wakiwapigia wenzao makofi.

Usiku ule tuligundua kwamba kosa letu lilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani. Kijana huyo tulimfahamu. Miaka michache iliyopita alipata sifuri katika mtihani wa kidato cha nne, na mama yake alikuja kwetu kuomba ushauri. Tulimshauri kijana arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akarudia, akashindwa. Tukamwambia ajaribu tena. Akashindwa tena. Katika muda wote huo hatukumwuliza hata mara moja ni kazi gani anayoipenda, wala mikono yake inaweza nini. Uashi aliutafuta mwenyewe, bila sisi.

Jumatatu tulimwita nyumbani kwetu, tukamwomba msamaha. Alitusikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwamba yeye hana kinyongo, ila mama aliuza miti yake ikiwa bado michanga ili kulipia ile mitihani. Kila mkazi wa Njombe anaelewa uzito wa maneno hayo. Kwetu sisi kishamba cha misindano ni akiba ya uzeeni. Anayekata miti kabla ya wakati wake anauza kwa bei ya nguzo kile ambacho kingekuwa mbao. Mjane yule alifanya hivyo kwa sababu alimwamini paroko wake.

Ndugu wapendwa, tumejiuliza tabia hii ya kumwona fundi kuwa mtu aliyeshindwa tumeipata wapi. Maana Kanisa lililotuletea imani katika nchi hii lilifika likiwa na Injili mkono mmoja na nyundo mkono wa pili. Mwaka 1860 mapadre wamisionari walipofika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, miongoni mwa mambo waliyoyaanzisha mapema ni karakana ya uhunzi na useremala. Mwaka 1868 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka bahari kwenda Bagamoyo. Huko waliwapokea watoto waliokombolewa kutoka utumwani, wakawafundisha katekisimu na kusoma, lakini pia kilimo na ufundi. Mtoto aliyekuwa ameuzwa sokoni kama bidhaa alifundishwa kutengeneza kitu kwa mikono yake na kukiita chake. Kumpa ufundi ilikuwa namna mojawapo ya kumrudishia heshima ya utu wake.

Huku kwetu kusini kazi hiyo waliifanya hasa Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, walioanzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898 chini ya Padre Cassian Spiss. Baadaye Padre huyo alifanywa Askofu, na mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, aliuawa pamoja na mabruda na masista aliosafiri nao. Misioni ya Peramiho yenyewe iliteketezwa kwa moto mwaka huohuo. Waliorudi kuijenga upya hawakuwa mapadre peke yao. Walikuwemo mabruda, yaani watawa wasio mapadre, ambao walikuwa maseremala, waashi, wahunzi na baadaye wachapaji. Vijana wetu walijifunza kwa kusimama karibu nao siku nzima, wakibeba, wakishika, wakikosea na kurekebishwa. Kanisa kubwa la Peramiho lililojengwa katika miaka ya 1940 ni tunda la kazi ya namna hiyo. Tena vitabu vingi vya sala tunavyovishika mikononi kila Jumapili, vyenye jina la Ndanda-Peramiho, vimetokana na karakana za watawa hao. Misioni ya Uwemba, iliyo jirani yetu hapa Njombe, ni tawi la shina hilohilo.

Watawa hao walikuwa na sababu ya kuheshimu ufundi. Katika Kanuni yake, Mtakatifu Benedikto anamwagiza mtunza mali wa monasteri aviangalie vyombo vyote vya nyumba kwa heshima ileile inayostahili vyombo vitakatifu vya altare. Tafakarini neno hilo, wapendwa. Sisi tunakifuta kalisi kwa kitambaa cheupe, tunakifungia kabatini, na ni haki kufanya hivyo. Lakini kwa Benedikto, randa na mwiko navyo havitupwi ovyo, kwa kuwa navyo vimewekwa wakfu kwa ajili ya huduma.

Hata hivyo, hatupendi kusimulia historia kwa upande mmoja. Wazazi wetu waliokataa watoto wao wasifundishwe kazi za mikono hawakuwa wavivu wala wajinga. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita katika nchi za Afrika ya Mashariki, ikapendekeza Waafrika wapewe elimu inayolingana na mazingira yao, hasa kilimo na ufundi. Pendekezo hilo lilikuwa na hekima ndani yake. Lakini mzazi wa wakati ule aliona wazi kwamba watoto wa watawala hawakuelekezwa kwenye jembe. Aliona kwamba aliyekaa kivulini kwa kalamu ndiye aliyemwamuru aliyesimama juani kwa koleo. Hata ndani ya misioni zetu, kwa miaka mingi msimamizi wa karakana alikuwa Mzungu na Mwafrika alibaki msaidizi. Basi mzazi akahitimisha kwamba ufundi ni njia ya kumweka mtoto wake chini. Chini ya ukoloni, hitimisho hilo lilikuwa na ukweli.

Kanisa nalo lilikaza mwendo kuelekea darasani. Mwaka 1928 mjumbe wa Baba Mtakatifu, Askofu Arthur Hinsley, aliwaeleza wamisionari waliokutana Dar es Salaam kwamba pale wasipoweza kutimiza yote mawili, ni afadhali ujenzi wa makanisa usubiri ili shule ziwe bora. Shule zilizofikia viwango vya serikali zilipata ruzuku, na viwango vilipimwa kwa mitihani. Matunda yalikuwa makubwa, nasi ni miongoni mwa matunda hayo: bila shule hizo wengi wetu tusingefika seminari. Lakini polepole tulijifunza kumpima mtoto kwa kipimo kimoja tu.

Nchi yetu imejaribu mara kadhaa kurekebisha kipimo hicho. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye aliwahi kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya Pugu, alitoa azimio la Elimu ya Kujitegemea, akionya dhidi ya elimu inayomfanya kijana adharau kazi ya wazazi wake. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za misioni zilikuwa mali ya umma. Mwaka 1980 walifika Wasalesiani wa Don Bosco, na wengi wa hao wa kwanza walitoka India, nchi ambako shirika lao lilikuwa limefanya kazi tangu mwaka 1906. Ni jambo la kutafakari kwamba karama iliyozaliwa Torino, Italia, mahali ambapo Don Bosco alifungua karakana ya ushonaji wa viatu na nguo mwaka 1853 kwa ajili ya vijana wa mitaani, ilitufikia sisi kwa mikono ya Wahindi. Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoiunda VETA. Na tangu mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari zimeanza mkondo wa amali, ambapo mwanafunzi husoma masomo ya kawaida pamoja na fani ya ufundi.

Tunaushukuru mwelekeo huo, lakini tuna hofu moja. Mkondo huo ukigeuzwa kuwa mahali pa kuwapeleka wale tuliokwisha kuwakatia tamaa, hautafaulu hata ukijengewa karakana nzuri. Serikali inaweza kuandika mtaala na kununua mashine. Haiwezi kuuondoa uso ule ambao sisi tuliuonesha mlangoni pa sakristia, tuliposikia neno "uashi" na kurudi kwenye makaratasi yetu. Uso huo ni wajibu wetu kuugeuza.

Maandiko Matakatifu hayatupi kisingizio. Katika Kitabu cha Kutoka, Bezaleli anajazwa roho ya Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, ya mawe na ya mbao. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anawataja mkulima, mchonga mihuri, mhunzi na mfinyanzi. Anakiri kwamba hawaketi katika baraza la wakubwa, lakini anafundisha kwamba bila wao hakuna mji unaoweza kukaliwa, na kwamba kazi yenyewe ya mikono yao ni sala. Sisi wakazi wa Mjimwema tungepaswa kulielewa neno hilo haraka. Mji wetu unakua. Kila juma msingi mpya unachimbwa. Nani anaufanya uwe mji, na nani anaufanya uwe mwema? Nyumba iliyojengwa bila timazi hupasuka ukuta masika ya kwanza, hata kama mwenye nyumba ana shahada tatu.

Tena watu wa Nazareti walipotaka kumdharau Bwana wetu walimtaja kwa ufundi wake. Walishangaa seremala amepata wapi hekima. Tumehubiri Injili hiyo mara nyingi, na siku zote tuliwalaumu watu wa Nazareti. Jumapili iliyopita tuligundua kwamba tulikuwa tumesimama upande wao.

Kabla ya kuagana, tulimwuliza kijana yule sasa anafanya nini. Alijibu kwamba anapata vibarua, lakini hana vifaa. Pimamaji anaazima kwa mwenzake, na kwa sababu hiyo sehemu ya ujira wake humwendea mwenye kifaa. Cheti anacho, mikono anayo, ila kinachomtenganisha na uhuru wake ni pimamaji, timazi, mwiko, sepetu na kamba. Tulifanya hesabu: vifaa hivyo vyote havifikii gharama tuliyomtwisha mama yake kwa ushauri wetu.

Kwa hiyo tumeiandikia Halmashauri ya Walei ya parokia yetu kuomba mambo mawili. Kwanza, mfuko wa elimu wa parokia, ambao hadi sasa umesaidia ada za sekondari na vyuo pekee, usaidie pia kuwanunulia vifaa vya kuanzia kazi vijana wanaohitimu fani za ufundi, wavulana kwa wasichana. Pili, tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambayo Papa Pius wa Kumi na Mbili aliiweka mwaka 1955, mafundi wote wa parokia waje na vifaa vyao, nasi tuvibariki mbele ya altare. Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zituletee majina ya wahitimu wote, wa vyuo vikuu na wa karakana, katika karatasi moja na bila kuwatenga.

Kwa wazazi tuna ombi moja. Kabla ya kuuza miti, ketini na mtoto mmwulize anapenda nini. Wapo wanaopaswa kurudia mtihani, na tutawasaidia kwa moyo wote. Hesabu na kusoma humfaa fundi pia, kwa kuwa mwashi asiyejua kipimo huharibu saruji ya watu. Lakini mkija kwetu kwa ushauri, mje na kijana mwenyewe. Msituruhusu tena tumjadili kana kwamba hayupo.

Miti ya mama yule hatuwezi kumrudishia. Jumapili ijayo, baada ya komunyo, kijana wake ataitwa mbele kwa jina lake. Tunaomba mpige makofi kama mlivyowapigia wengine, na wale wenye vigelegele msivizuie.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Mtakatifu Benedikto, utuombee. Mtakatifu Yohane Bosko, utuombee.

Tunawatakia Dominika njema na kazi njema ya mikono yenu.

Paroko wenu, Mjimwema.