Muzungu Asiye na Gari

Utotoni mwangu Gisenyi, muzungu hakuwa mtu wa kwenda kwa miguu. Julai 1994 wakimbizi kwa mamia ya maelfu walipita hapa wakivuka kwenda Goma, na nyuma yao yakaja magari meupe ya mashirika ya misaada, yenye antena ndefu. Tangu hapo muzungu mtaani kwetu ni mwenye gari na mwenye kazi za kugawa. Hata Mnyarwanda mwenzako akikuajiri, ulimwita "muzungu wangu", maana yake bosi.

Miaka kadhaa baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka 2002, wakaanza kushuka kwenye mabasi ya Kigali vijana wa aina nyingine, wana shanta kubwa mgongoni, wanaelekea Goma kuupanda mlima huo huo. Mmoja alisimama mbele ya meza ya mama yangu, soksi mbichi amezining'iniza kwenye shanta zikauke, akapatana bei ya parachichi kwa Kiswahili alichookota Tanzania. Mama alimwongezea moja la bure. Kijana alipoondoka, mama akaniuliza: "Huyu naye ni muzungu?"

Mama alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini neno lenyewe latokana na kuzunguka, na watu wa pwani waliwaita hivyo wageni wapitao huku na huku bila kutulia. Hata von Götzen, Mjerumani aliyefika Ziwa Kivu 1894, alikuwa mpita njia: alitoka Pangani akaikata Afrika hadi Atlantiki. Ila mwaka 1901 alirudi Dar es Salaam akiwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ndivyo mzungukaji alivyogeuka bwana, na neno likageuka naye. Kwangu mimi, wale wenye shanta walilirudisha lilikotoka, na nilifurahi kuliona likirudi.

Siku hizi wengi wao hufuata njia ya Congo Nile, kilomita 227 kandokando ya ziwa, kutoka hapa hadi Rusizi. Watoto huwakimbilia: "Muzungu, agachupa!" Wanataka ile chupa tupu ya maji. Mwaka jana mpwa wangu na wenzake wa Kigali waliifuata njia hiyo na mabegi yao. Kabla ya kufika Kinunu, mahali njia inapopita, watoto waliwapokea kwa kelele: "Abazungu! Abazungu!" Mpwa wangu alinisimulia kwa uchungu, kana kwamba ametukanwa. Nilimwambia wale watoto hawakukosea.