Kijiji Chenye Meya, Kisicho na Watu

Fleury-devant-Douaumont kimo katika vitabu vya serikali ya Ufaransa kama kijiji kingine chochote. Kina mipaka yake na kina meya. Mkazi hakina hata mmoja, tangu Februari 1916.

Ukitoka mji wa Verdun asubuhi, barabara inapanda taratibu hadi msituni, na siku moja yatosha kuzunguka bila haraka. Magofu hutayaona. Ardhi yote ni mashimo yaliyoota nyasi, shimo limelalia shimo, huwezi kupiga hatua mbili mahali palipo sawa. Katikati yake zimepitishwa njia za miguu, na kando ya njia kuna vibao: hapa palikuwa shule, hapa kwa mhunzi, hapa walipofulia nguo. Mimi nilikaa zaidi penye kibao cha mwoka mikate. Kwamba vita hubomoa ngome, hilo tumelizoea. Lakini mkate wa alfajiri, na mtoto aliyetumwa kuununua na kuonywa asiumegue njiani, navyo vilikuwa hapa, na hapa ni shimo.

Kilikuwa kijiji cha watu zaidi ya 400. Tarehe 21 Februari 1916 mizinga ya Wajerumani ilipoanza kuipiga Verdun, wanakijiji waliamriwa kuondoka. Mapigano yaliendelea hadi Desemba na kuua askari zaidi ya 300,000 wa pande zote mbili. Kiangazi cha mwaka huo Fleury ilitekwa na kukombolewa mara 16. Agosti, kikosi cha jeshi la makoloni kilipoichukua mara ya mwisho, kilichukua udongo mtupu. Nao udongo wenyewe ulikuwa umejaa maiti, sumu na mabomu yasiyolipuka, hata serikali ikazuia watu wasirudi, ikapanda miti.

Jambo linaloniuma ni kwamba wengi wa watu wale hawakufa. Walitawanyika, wakapata makazi kwingine, wakazeeka na kuzikwa makaburi ya ugenini. Kilichokufa ni ujirani. Mtu akifiwa, ana kaburi la kuzuru, ana matanga, arobaini na hitma, ana watu wa kumshika mkono. Aliyefiwa na kijiji anapewa pole na nani, ikiwa wote ambao wangekuja kuhani ndio hao hao waliofiwa? Na nani atamthibitishia kwamba mlango wa nyumba yao ulitazama kisima, kama kisima hakipo na jirani kahamia mbali?

Ndiyo maana namheshimu yule meya. Vijiji tisa viliangamia kuzunguka Verdun, na sita kati yake havina watu mpaka leo. Serikali ingeweza kuvifuta kwenye ramani, kwa kuwa hakuna wa kulalamika. Badala yake, baada ya vita ikaamua viendelee kuwa vijiji, na kwa kuwa hakuna mpiga kura, meya wa kila kimoja huteuliwa na mkuu wa mkoa wa Meuse. Wengi huwa wazao wa wale waliohamishwa. Wanaangalia njia na vibao, na kila mwaka wanaongoza kumbukumbu ya kijiji. Pale Fleury kuna kanisa dogo lililojengwa mahali pa kanisa la zamani. Ardhi nayo haijanyamaza: mwaka 2013 ilitoa mabaki ya askari 26 wa Kifaransa, na baadhi yao vibati vyao vilitaja majina baada ya miaka karibu mia moja.

Si mbali na hapo, jumba la Douaumont linahifadhi mifupa ya askari wapatao 130,000 wasiojulikana, Wafaransa kwa Wajerumani. Ngome ya Douaumont yenyewe ilikombolewa tarehe 24 Oktoba 1916, na miongoni mwa waliopigana siku hiyo walikuwamo Wasenegali na Wasomali waliotoka pwani ya Djibouti. Nilipofika hapo, mawazo yalinirudisha nyumbani Afrika Mashariki bila hiari. Mwaka ule ule, vita ile ile ilikuwa inawamaliza wapagazi wetu, wabeba mizigo ya majeshi, kwa njaa, kuhara na malaria. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake walipita 90,000. Sanamu ya Askari iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1927, na maandishi yake yanaahidi kwamba watoto watakumbuka majina ya waliokufa. Jina lenyewe halipo hata moja.

Hakuna aliyeteuliwa kutunza kumbukumbu ya wapagazi wale. Kazi hiyo imetuangukia sisi, na waliosikia habari zao kwa wazazi wao wanazidi kupungua. Kama kwenu yupo mzee anayejua habari za babu aliyechukuliwa upagazi asirudi, nenda ukakae naye wiki hii. Muulize jina la babu huyo, jina la baba yake na kijiji alikotoka, kisha uyaandike.