Ulimi Wenye Mfupa

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, yaani unaweza kusema lolote bila kuvunjika. Methali nzuri, ila walioitunga hawakumchungulia kinyonga mdomoni. Wa kwake unao. Kuna kijiti kigumu kinachotokana na mfupa wa hioidi, na ulimi umevishwa juu yake kama soksi. Msuli ukibana, nyama zinazovutika hujaa nguvu kama mpira wa manati, halafu zinaachia.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Christopher Anderson, alipima ndimi za vinyonga wa spishi 20 na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Bingwa hakuwa jitu. Alikuwa Rhampholeon spinosus, kinyonga mdogo wa milima yetu ya Usambara, anayeweza kukaa kidoleni. Mchapuko wa ulimi wake ulifika mara 264 ya mvutano wa dunia. Nayajua haya kwa sababu nilitaka kuelewa ni nini hasa alichopoteza kinyonga anayeishi barazani kwangu.

Wangu si wa Usambara. Ni yule wa kawaida, wa kijani, mwenye vipande vya ngozi shingoni kama masikio, unayeweza kumkuta kwenye michongoma hadi huku kwetu Chamazi, Temeke, ambako kati ya mapagala bado kuna vichaka. Mtoto wa mama mwenye nyumba, yuko darasa la nne, alimleta kwenye kopo la rangi. Ulimi ulikuwa unaning'inia nje, mweusi, umekauka kama uzi, sisimizi wameshaanza kazi. Labda kuku, labda paka, labda fimbo ya mtu. Hatukujua.

Daktari wa mifugo anayechanja kuku mtaani aliukata ule uliokufa, akabaki na kipande kifupi tu ndani. "Mkia wa mjusi huota, kaka," aliniambia. "Ulimi wa kinyonga hauoti. Huyu ukimrudisha porini anakufa njaa. Nimpumzishe?"

Nilimwomba wiki moja. Sikuwa na hoja yoyote. Nilimwona tu kinyonga ameshika kidole cha yule mtoto kwa miguu yote minne, nikashindwa kutamka ndiyo.

Wiki ile ilikuwa ngumu. Kinyonga huwinda kwa macho. Kila jicho huzunguka kivyake, lakini akiona windo yote mawili huelekea mbele, mwili unatulia, mdomo unafunguka kidogo. Nilimwekea panzi kwenye tawi, akafanya hayo yote kwa ukamilifu. Akalenga. Kitu kikatikisika kooni. Panzi akabaki palepale. Akalenga tena. Nilihesabu mara sita, nikaondoka barazani.

Hata maji ni kazi. Kinyonga hunywa matone kwenye majani, na kuyalamba kunataka ulimi. Kwa hiyo kila asubuhi nilimdondoshea maji kwa bomba la sindano pembeni mwa mdomo, tone moja, nangoja ameze, tone lingine.

Chakula kilipatikana kupitia hasira yake. Ukimsogelea sana anajivimbisha, anakoroma kama tairi linalovuja, na kuachama. Pale anapoachama, ndipo unapoingiza panzi uliyemshika kwa kijiti cha mwanzi. Siku tatu za kwanza alitema. Ya nne akatafuna. Mtoto alipiga kelele, "Anko, amekula!" mpaka majirani wakatoka.

Mbinu hiyo nilijifunza kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Hapa kuna jambo linalonikera. Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa inauza vinyonga hai nje, hadi mwaka 2016 serikali iliposimamisha biashara ya kusafirisha wanyamapori hai. Huko walikofika, watu walijifunza namna ya kumlisha hata asiye na ulimi. Wanasayansi nao, mwaka 2006, walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa Afrika Mashariki waliiita Kinyongia, kutoka neno letu wenyewe. Neno tumetoa sisi, na wanyama tumetoa sisi. Sisi wenyewe tukikutana naye njiani tunaokota jiwe.

Sisemi ni ujinga. Hofu hii ina mizizi mirefu. Wazulu husimulia kwamba kinyonga alitumwa kuwapa watu habari ya uzima, akachelewa njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Mama mwenye nyumba hana haja ya hadithi ya Wazulu. "Mwanangu, mnyama anayebadilika rangi ana mambo yake," aliniambia. "Mweke mbali na mlango wangu." Nilimsogeza upande wa choo.

Kinyonga ni mnyamapori, si mfugo, kwa hiyo nilimweleza pia ofisa mmoja wa wanyamapori. Akauliza kama nina mpango wa kumuuza. Nikacheka. Akasema basi endelea kumtunza, ila usianze kukusanya wengine.

Kazi yangu ni ya kusafiri. Mwezi wa pili nilitumwa Dodoma siku tano, vikao vya Bunge. Usiku wa pili nilipiga simu, mtoto akapokea mama yake. Nikauliza kwa uangalifu kama kinyonga amekula.

"Mwenzako ana homa, kalala," alisema. Kimya. "Nimempa mimi. Wawili. Yule mkubwa kamkataa."

Sikumuuliza imekuwaje. Niliporudi, kinyonga alikuwa bado upande wa choo, na hofu yake mama hajaiacha. Lakini alikuwa amejua panzi gani anakataliwa, na hilo hulijui ukiwa umesimama mbali.

Nimewaza sana kuhusu hilo. Ulimi ule kazi yake ilikuwa kumwepusha kinyonga na kusogea. Anakaa kwake, chakula kiko kule, na umbali unaozidi urefu wa mwili wake unaisha kabla panzi hajajua. Sasa umbali huo inabidi mtu autembee. Siku hizi hangoji kukasirika. Akiona kijiti cha mwanzi anapiga hatua zake zile za kuyumbayumba, mbele, nyuma, mbele, mpaka anafika na kung'ata kwa taya.

Watoto wamempa jina Bubu. Niliwaambia kinyonga hasemi kwa ulimi, hata mzima ni vilevile. Hawakunisikiliza.

Mwezi wa saba huu. Daktari akipita kuchanja kuku huchungulia barazani, anatikisa kichwa, halafu anauliza, "Leo kala wangapi?"