Tulikwenda Pwani na Mbwa Wetu

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu iko Handeni. Kwa miaka mingi nimepita vijijini, Handeni na Korogwe, nikizungumza na wakulima juu ya mahindi na muhogo. Lakini mke wangu alikuwa hajaiona bahari. Amezaliwa Handeni, ameolewa Handeni, na bahari haiko mbali. Aibu hiyo ilikuwa yangu.

Agosti ni mwezi mzuri kwa mkulima kusafiri. Mahindi ya masika yako ghalani. Mvua za vuli bado. Basi mwaka jana shemeji yangu alituazima pikapu yake ya kubebea machungwa. Tulifunga turubai nyuma, tukatandika godoro, tukapakia jiko la mkaa, sufuria na madumu mawili ya maji. Mtu wa Handeni hasafiri bila maji.

Huko Ulaya wako wazee waliostaafu wanaosafiri namna hii. Gari lao lina kitanda na jiko ndani. Baridi ikizidi kwao, huenda kukaa pwani ya Hispania, na mbwa wao wamo garini. Sisi hatukukusudia kuwaiga. Mbwa wetu anaitwa Askari. Kazi yake ni kufukuza nyani na nguruwe mwitu shambani. Tulipanga abaki na mwanetu nyumbani. Alipoona godoro linapakiwa, aliruka ndani akakataa kushuka. Mke wangu akasema, "Baba watoto, mwache. Naye amefanya kazi masika nzima." Tukaondoka watatu.

Tulifika Korogwe mchana, tukasimama karibu na mto. Wewe uliyeko Handeni unaujua mto huu hata kama hujauona, kwa sababu maji ya bomba kubwa la Handeni hutoka humo. Unaanzia kwenye milima ya Kilimanjaro na Meru. Unapita Korogwe, unashuka Hale ambako maji yake huzungusha mitambo ya umeme, kisha unaingia baharini Pangani. Mke wangu aliutazama, akasema, "Basi tuufuate mpaka mwisho."

Tulipita Segera na Hale. Pande zote mbili kuna mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kwa miaka mingi nchi yetu ilipata fedha nyingi za kigeni kwa zao hilo. Mimi huwaeleza habari hii wakulima wanaokuja kunilalamikia kwamba miche kumi imekufa.

Muheza tulinunua machungwa, tukakata kulia kwenda Pangani. Jioni tuliiona bahari. Mke wangu hakusema neno. Alivua viatu, akaingia maji mpaka magotini na kanga yake, akaonja. Kisha akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Tulimwomba mzee mmoja wa kijiji cha karibu mahali pa kuegesha gari. Alitukaribisha vizuri, lakini alimtazama Askari. "Bwana, hapa ni karibu na msikiti. Kaeni kule kwenye mwembe, na mbwa mfungeni." Tulimfunga.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, mtoto wa miaka kama saba alikuja kumtazama. Askari alikuwa anakula. Mtoto alimshika mkia. Kabla sijasimama, Askari alikuwa amemwuma mkononi.

Msomaji, nilitetemeka. Mke wangu alimbeba mtoto mpaka kwenye ndoo. Alimwosha jeraha kwa sabuni na maji ya kumiminika kwa dakika 15. Hakulifunga, wala hakupaka majivu. Wakati huo watu walikuwa wamejaa. Mama wa mtoto alikuwa analia. Mzee akaniuliza kwa upole, "Mbwa huyu amechanjwa?" Nikasema ndiyo. "Cheti kiko wapi?"

Cheti kilikuwa Handeni, ndani ya sanduku. Mimi ninayewahimiza watu wachanje mbwa na kutunza vyeti, sikuwa na karatasi hata moja mkononi.

Tulimpeleka mtoto hospitali. Mganga alisema sindano zianze siku ile ile. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakina dawa, mtu hufa. Kwa hiyo hakuna kungoja. Mwanetu alipiga picha ya cheti akaituma kwa simu. Askari alichanjwa miezi minane iliyopita. Hata hivyo bwana mifugo alisema afungwe na kuangaliwa siku kumi, kwa sababu mbwa mwenye ugonjwa mateni huugua au kufa katika siku hizo. Nililipa gharama zote. Fedha za kwenda Tanga na kuona magofu ya Tongoni ziliishia hapo.

Basi tulikaa Pangani siku kumi. Tuliwaona wavuvi wakirudi na samaki wachache, maana Agosti upepo wa kusi huchafua bahari. Tulivuka kwa kivuko kwenda Bweni. Tulielezwa habari za Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani wakamnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Nami niliwaambia habari za Bwana Heri wa Saadani, Mzigua wa kwetu, aliyeendelea na vita mpaka 1890.

Mzee alinionyesha shamba lake kando ya mto. Minazi ilikuwa imedhoofika. Nilichukua maji ya mto kwa kiganja, nikayaonja. Yalikuwa na chumvi. Alisema zamani mto ulikuwa na nguvu, ukiisukuma bahari. Siku hizi maji mengi hutumika huko juu, na kiangazi bahari hupanda mtoni na kuingia mashambani. Nilinyamaza. Huko juu ndiko kwetu, nami mwenyewe nimewafundisha watu kuchimba mifereji. Sikuwa na ushauri wa kumpa siku ile, na mpaka leo naufikiria mnazi ule.

Kila asubuhi mama wa mtoto alikuja kumtazama Askari kwa mbali. Hakutusalimu. Siku ya tano alijibu salamu ya mke wangu. Siku ya nane alileta samaki wawili wamefungwa kwa jani la mgomba.

Siku ya kumi Askari alikuwa anakula vizuri na kubwekea kunguru. Bwana mifugo alimpima, akasema twende. Mtoto alikuja na mama yake, mkono umepona, sindano moja bado. Alisimama nyuma ya mama, akamtupia Askari kipande cha muhogo. Askari alikinusa, akakila. Mke wangu aliteka maji ya bahari katika chupa ya soda. Nilimwuliza ya nini. Akasema ni ya kuwaonjesha majirani Handeni.