Sauti Iliyolala Miaka Arubaini



Mwezi uliopita mjukuu wetu alituletea sebuleni rekodi ya bendi ya Queen, iliyonaswa mbele ya hadhara katika ukumbi wa Rainbow, Finsbury Park, London, tarehe 31 Machi 1974. Muziki wa roki haukupata kuwa na nafasi nyumbani kwetu, nasi tulikuwa tayari kumkataza. Akatuuliza: "Bibi, Babu, mbona hamkuniambia kuwa mwimbaji huyu ni mzaliwa wa Unguja?"

Tulinyamaza, kwa kuwa tulijua. Farrokh Bulsara, aliyejulikana baadaye kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 katika jamaa ya Waparsi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 alihamia Uingereza pamoja na wazee wake, mwaka ule ule tuliofungasha sisi.

Mwaka 1974 haukuwa mwepesi kwa vijana wale wanne. Katika ziara yao ya Machi zilizuka fujo kwenye onyesho la Stirling, Uskochi, watu wakajeruhiwa. Mwezi Mei, wakiwa Marekani, mpiga gitaa Brian May aliuguzwa na homa ya ini, ziara ikakatizwa. Hata hivyo walirudi Rainbow tarehe 19 na 20 Novemba. Onyesho lile la Machi liliwekwa kando, na halikutolewa kwa ukamilifu hadi Septemba 2014, mwimbaji akiwa amekwisha fariki tangu 1991.

Tulisikiliza kidogo. Muziki wenyewe hatukuupenda, tusiseme uongo. Lakini kila kijana yule alipozungumza na watu baina ya nyimbo, tulitega sikio. Jina la Unguja hatukulisikia.

Usiku ule tuliikumbuka kanda yetu wenyewe. Mwaka 1983 marehemu mama, macho yakiwa yamempungua nuru, alitutumia kaseti badala ya barua. Tuliisikiliza mara moja, tukaifunga kitambaani na kuitia kabatini. Sasa tukaitoa. Ilikwaruza, kisha ikatoka sauti yake: salamu za jamaa, jina kwa jina, na jogoo akiwika nyuma. Mwisho likaja ombi: "Nirikodieni mjukuu wangu, nami nimsikie."

Ombi hilo hatukulitimiza. Tulikuwa katika kazi za zamu, tukasema mwezi ujao, na mwezi ujao. Mwaka wa pili akafariki. Mjukuu aliyetakiwa sauti ndiye baba wa kijana huyu. Alikuwa ameketi nasi. Hakutulaumu, aliomba turudishe kanda mwanzo.

Ndugu zetu, kanda huharibika, na mashine za kuzichezea zinaadimika. Mwenye sauti za wazee wake kabatini na azitoe, awasikilizishe watoto. Na aliyeombwa sauti na mzee aliye hai, asingoje mwezi ujao.

Wabillahi tawfiq.