Mama na geti la kiwanda (sehemu ya 6)

Niliahidi kuandika kuhusu kunyonyesha kwa wanaorudi kazini. Naandika, ila naanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Jumapili sikuwa na zamu, nikatoka na wanangu wawili. Mama yangu naye akashuka na daladala kutoka Kibosho. Watoto walitaka kuona treni, basi tukaanzia stesheni. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Mjerumani, na treni ya abiria iliporudi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20, hata mimi nilikwenda kuishangaa.

Wa miaka sita akaniuliza, "Mama, mji unaitwa Moshi, mbona hautoi moshi?"

Bibi yake akacheka. "Ulikuwa unatoa, mjukuu wangu." Akaanza kumhesabia kwa vidole: kiberiti cha Kibo, magunia, ngozi, mbao, kahawa ya kukobolewa. Kahawa ilishuka kutoka vihamba vya kina babu kupitia KNCU, ushirika ulioanza 1933. Viwanda vingi vilifungwa au vikauzwa miaka ya tisini. Miwa bado inasagwa TPC kule Arusha Chini, na kahawa bado inakobolewa, lakini mji ule wa baiskeli alfajiri, watu na vyakula vyao kwenye kikapu, haupo tena.

Tukatembea hadi eneo la viwanda. Majani yameota, mabati yana kutu. Mama akasimama mbele ya geti moja. Jina la kiwanda naliacha.

"Hapa ndipo nilipokunyonyeshea," akaniambia.

Mimi nilijua tu kwamba alifanya kibarua mjini. Kumbe alirudi kazini nikiwa na wiki sita, maana kibarua asipofika halipwi. Saa sita mchana bibi yangu alikuwa ananibeba kwa mguu hadi getini. Mama ana nusu saa, ale na aninyonyeshe, amekaa kwenye jiwe. Siku nyingine msimamizi alikataa asitoke, bibi akarudi na mimi ninalia. Maziwa yakimjaa anakwenda kuyakamua chooni na kuyamwaga. Nilipofika miezi mitatu wakanianzishia uji wa ulezi.

"Ningefanyaje?" akaniuliza. Hakuwa anajitetea, aliuliza kweli.

Jamani, nilinyamaza. Wiki hiyohiyo nilimfokea dada mmoja kliniki. Anafanya usafi hotelini, mtoto ana miezi minne, uzito haupandi, akasema anampa uji. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Mnafundishwa miezi sita maziwa ya mama tu, hamsikii!" Sikumuuliza anaingia kazini saa ngapi, wala mtoto anabaki na nani.

Basi haya ndiyo nilitakiwa kumwambia. Sheria ya kazi ya 2004 inakupa siku 84 za uzazi zenye malipo, na ukirudi kazini unaruhusiwa kunyonyesha hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Najua vibarua wengi wanaogopa kuidai. Ila mwombe bosi kistaarabu, ikiwezekana muwe wawili watatu.

Kabla ya kutoka nyumbani, nyonyesha kwanza. Kisha kamua kwa mkono: nawa kwa sabuni, kamulia kwenye chombo safi chenye mfuniko. Nje ya friji maziwa yasizidi masaa manne, na joto letu la Januari likiwa kali, yatumike mapema zaidi. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo taratibu, asitumie chupa, kuisafisha ni kazi. Na kazini ukijaa, kamua, usiache yagande kifuani, utapata jipu. Usiku mnyonyeshe kila anapotaka, usiku ndio wako.

Kama uji umeshaanza, usikimbie kliniki kwa aibu. Njoo tuangalie kadi, tupange upya.

Mama alichoka, akakaa kwenye kivuli, watoto wakamnunulia ndizi mbivu kwa hela yake mwenyewe. Nikauliza kama jiwe lile bado lipo. Akasema waliliondoa walipopanua barabara.

Yule dada kadi yake inasema arudi Jumatano. Jumatano mimi nilipangiwa usiku, nimeomba mwenzangu tubadilishane.