Pete ya Buabua
Wenzi watano walifika kisiwa cha Grímsey, kaskazini ya Aisilandi, ambako katikati ya Juni jua halizami. Buabua waliwapiga vichwani kwa midomo mikali, maana makinda wao walikuwa nyasini. Kijana kati yao alishika kinda, akasita: ni haki gani kumtia pingu kiumbe huru? Mkubwa wao akamjibu, "Pingu humzuia mtu kwenda, pete hii huonyesha alikokwenda." Kinda aliyevishwa pete visiwa vya Farne, Uingereza, mwaka 1982, alifika Melbourne, Australia, kabla ya mwaka kwisha. Bila pete nani angalisadiki? Kijana akamvisha, akamwachia. Alijua pengi pete hairudi. Hata hivyo akaandika namba yake kwa mwandiko safi, kwa ajili ya atakayeuliza.